Chanjo ya Ndama: Mlango Nao ni Sehemu ya Dawa

Tangu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambamo ng'ombe huchanjwa dhidi ya homa ya mapafu, ilipozinduliwa mkoani Simiyu Juni 2025, hoja mbili zinazunguka kwenye majosho na minada ya Kanda ya Ziwa. Ya kwanza inasema chanjo ni chanjo: ilimradi imeingia mwilini, iwe shingoni, begani au pajani, kazi imeisha, ng'ombe avalishwe hereni ya utambuzi, aje mwingine. Ya pili ni ya mfugaji aliyechangia fedha yake juu ya ruzuku ya serikali, kisha miezi miwili baadaye akasikia ndama anakohoa. Huyo anasema sindano hizi hazina kitu, tuletewe ile ya puani wanayotumia wenzetu wa Ulaya. Hoja zote mbili zinajikwaa palepale. Zinaichukulia njia ya kupitisha chanjo kuwa suala la urahisi wa mkono wa mchanjaji, wakati njia hiyo ndiyo inayoamua mwili utajibu kwa kinga ya aina gani, kinga hiyo itakaa wapi na itadumu muda gani. Kwa ng'ombe mzima, kosa la njia pengine litafidiwa na chanjo ya mwaka unaofuata. Ndama wa wiki sita hana nafasi hiyo. Mwilini mwake tayari kuna kinga ya kuazima kutoka kwa mama, na kinga hiyo inafunga baadhi ya milango na kuiacha mingine wazi.

Kinga hiyo ya kuazima ndiyo mwanzo wa yote. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili kwenda kwa ndama aliye tumboni, kwa hiyo ndama huzaliwa damu yake ikiwa karibu tupu. Anazipata kwenye maziwa ya dang'a, na kwa muda mfupi tu: utumbo wake hupitisha kingamwili nzima kuingia kwenye damu saa za mwanzo, uwezo huo unapungua saa kwa saa, na zikifika saa 24 mlango umeshafungwa. Kipimo kinachofaa ni dang'a sawa na asilimia 10 ya uzito wake, sehemu kubwa ikiingia ndani ya saa 6 za kwanza. Kwa ndama wa kilo 20 wa zebu wetu, hizo ni kama lita 2. Nyingi kati ya kingamwili zinazovuka ni za aina ya IgG, zinazokaa kwenye damu. Hupungua polepole wiki hadi wiki, na kati ya mwezi wa tatu na wa sita huwa zimekwisha au zimebaki kidogo. Shida ni kwamba haziwezi kutofautisha kirusi cha ugonjwa na kirusi hai cha chanjo kilichodhoofishwa. Sindano ikimkuta ndama wa miezi miwili ambaye mama yake alichanjwa au aliwahi kuugua, kirusi cha chanjo kinakamatwa na kuzimwa kabla mwili wa ndama wenyewe haujakizoea. Kwenye daftari ndama amechanjwa. Kwenye damu yake hakuna jipya.

Sasa milango yenyewe. Chini ya ngozi kuna seli za ulinzi zinazonasa kitu kigeni na kukibeba kwenye mishipa ya limfu hadi kwenye tezi iliyo karibu. Kwa sindano ya begani au shingoni, hiyo ni tezi ya mbele ya bega, ile unayoipapasa kwa vidole ndama akiwa na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Humo ndimo seli za kinga zinapofundishwa, na matokeo yake ni kingamwili nyingi za IgG zinazozunguka mwili mzima, ila chache sana zinazofika kwenye ute wa pua. Msuli una damu nyingi na seli hizo chache. Unafaa zaidi chanjo zilizouawa na kuchanganywa na mafuta, ambazo hukaa hapo kama akiba inayovuja kidogo kidogo. Pua ni habari nyingine kabisa. Utando wake na tonsili vina kituo chao cha mafunzo, na vinatoa IgA, kingamwili inayokaa kwenye ute palepale kirusi kinapogusa kwanza. Chanjo hai ya puani pia huamsha ndani ya siku chache kemikali ya kujihami iitwayo intaferoni, kabla hata kingamwili hazijatengenezwa. Njia ya mdomo haina nafasi kubwa kwa ng'ombe mzima, kwa kuwa chanjo ikitua kwenye tumbo kubwa vijidudu vya humo huimaliza. Ndama anayenyonya ni tofauti, kwa sababu mfereji wa umio humpitishia maziwa moja kwa moja hadi tumbo la nne.

Sindano ya chini ya ngozi inaonekana kazi rahisi mpaka uitazame kwa karibu. Mchanjaji anashika ngozi nyuma ya bega au ubavuni mwa shingo kwa vidole viwili, anaivuta isimame kama hema dogo, kisha anaingiza sindano namba 18, fupi ya nusu inchi, kwenye msingi wa hema hilo, ikiwa imelala sambamba na mwili. Ncha iliyokaa mahali pake inacheza huku na huku bila kukwama, na dawa inaingia bila kulazimishwa. Ukilazimika kusukuma kwa nguvu na kauvimbe kagumu kakachomoza hapohapo, ncha iko ndani ya ngozi yenyewe. Ikisimamishwa wima kwenye shingo nyembamba ya ndama, imeingia msulini. Na manyoya ya upande wa pili yakilowa, ujue sindano imetoboa hema na kutokea nje. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu halionekani kwa aliyesimama mlangoni mwa kibanio na daftari. Ndama amerusha teke, bomba limebonyezwa, dozi imehesabiwa, hereni imepigwa, na mililita nzima inachuruzika kwenye manyoya. Sindano iliyochoma ng'ombe kumi na tano mfululizo imeshakuwa butu na inazidisha makosa hayo, mbali na kubeba ndigana baridi kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Spiriti nayo ni adui. Bomba lililosafishwa kwa spiriti bila kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa linaua chanjo hai kabla haijamfikia mnyama yeyote, na ngozi iliyopakwa spiriti ikachomwa ingali mbichi inafanya vivyo hivyo.

Homa ya mapafu, ugonjwa wenyewe ambao ng'ombe wetu wanachanjwa katika kampeni hii, ndiyo iliyowafundisha watu zamani kwamba mlango una uzito. Mwaka 1852 daktari Louis Willems wa Hasselt, Ubelgiji, alieleza jinsi alivyochukua majimaji ya mapafu ya ng'ombe mgonjwa na kuyachoma kwenye ncha ya mkia wa ng'ombe asiyeugua. Majimaji hayo yakichomwa penye ngozi legevu ya mwilini huleta uvimbe unaotambaa na kuua. Kwenye ncha ya mkia, penye baridi na nyama chache, uvimbe mara nyingi hubaki mdogo; wako waliokatika mikia, lakini waliopona walikuwa na kinga. Mbegu ya chanjo inayotumika sana Afrika leo, T1/44, ilitokana na kiini kilichopatikana hapahapa, Tanganyika ya mwaka 1951, kikapitishwa kwenye mayai ya kuku mara 44 ili kipungue makali. Hutolewa chini ya ngozi, viini hai visivyopungua milioni 10 kwa dozi, na kinga yake ni ya takribani mwaka mmoja. Makali hayakuisha yote: baadhi ya ng'ombe huvimba mahali walipochomwa wiki chache baadaye, na uvimbe huo unaitwa kwa jina la Willems hadi leo.

Hapo ndipo hoja ya kutaka chanjo hii ipitishwe puani inapokosa miguu. Inapendeza masikioni: ugonjwa unaingia kwa pumzi, basi na chanjo iingie kwa pumzi. Lakini T1/44 ilipopelekwa moja kwa moja kwenye mapafu katika majaribio, ilileta vidonda vya homa ya mapafu yenyewe. Anayechukua chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi na kuidondosha puani mwa ndama, eti kwa sababu pua ndiyo njia ya kisasa, anampa mnyama mdogo kiini hai mahali ambapo kiini hicho kinapenda kuishi. Kampeni nyingi za ugonjwa huu huwaacha ndama wa chini ya miezi 6, na mfugaji anayeona amenyimwa haki yake inafaa aelezwe sababu kwa utulivu badala ya kuambiwa tu "huyu bado".

Anayetaka kuona njia ikibadilisha majibu ya mwili bila utata wowote aitazame brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Chanjo ya S19 kwa kawaida huchomwa chini ya ngozi kwa mitamba wa miezi 3 hadi 6, dozi moja ya viini hai bilioni 50 hadi 80. Inalinda vizuri. Ila ikitolewa hivyo kwa ng'ombe wakubwa, hata kwa dozi iliyopunguzwa, kingamwili za baadhi yao hazitoki kwenye damu, wengine hutupa mimba, na wengine hutoa viini hivyo kwenye maziwa. Chanjo hiyohiyo ikidondoshwa jichoni, viini bilioni 5 tu kwa dozi moja au mbili, inalinda bila kuacha kingamwili za kudumu, na hatari ya kutupa mimba inapungua. Asiyejua njia angepima damu ya ng'ombe aliyechanjwa jichoni akatangaza kwamba chanjo imeshindwa. Asiyejua njia vilevile angepima ng'ombe aliyechomwa sindano ukubwani na kumpeleka machinjioni kama mgonjwa. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Ilemela na Nyamagana hili si jambo la vitabuni. Damu ya ng'ombe wao ikifika kwenye maabara ya kanda ya TVLA, wakala wa maabara za mifugo, hapa Mwanza bila maelezo ya njia, umri na tarehe ya chanjo, mpimaji anasoma nusu ya barua. Mchanjaji naye avae miwani na glovu, maana S19 ni kiini hai kinachomwambukiza binadamu kikimrukia jichoni au sindano ikimchoma kidole.

Pamoja na hayo, upande wa puani una haki yake, na ni haki kubwa. Kwa virusi vya njia ya hewa vya ndama, hasa kirusi cha sinsitia na parainfluenza 3, chanjo hai zilizotengenezwa kwa ajili ya pua zina faida ambayo sindano haina: kingamwili za mama zimejaa kwenye damu kuliko kwenye ute wa pua, kwa hiyo chanjo inapita pembeni yake na kumfundisha ndama hata akiwa na siku chache tu. Namna ya kuitoa nayo ina masharti yake. Kichwa kishikwe na kuinuliwa kidogo, ncha laini ya plastiki iingie puani bila kukwaruza, dawa itolewe ndama anapovuta pumzi, na pua ibaki juu kwa sekunde kadhaa. Kama ni mililita 2, kibandiko cha chupa ndicho kinachosema ziende tundu moja au zigawanywe. Ndama akipiga chafya na kutoa matone machache, hakuna hasara kubwa. Akitikisa kichwa na yote yakamwagika shavuni, hajachanjwa. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kinga ya ute haidumu. Baada ya miezi miwili au mitatu imefifia, na bila sindano ya kuifuatia kingamwili za mama zinapokwisha, ndama anarudi alikokuwa. Pua kwanza, sindano baadaye, ndio mpangilio wenye mantiki. Ningeupendekeza kwa mabanda ya maziwa ya pembezoni mwa jiji, ambako ndama wa sehemu mbalimbali wanachanganywa chini ya paa moja lenye unyevu. Kwa ndama wa zebu anayelala boma la wazi Kwimba, fedha hiyo ingefanya kazi zaidi kwenye kuogesha, dawa ya minyoo na dang'a ya saa za kwanza. Magonjwa ya kupe na kuhara humtangulia kabla virusi vya pua havijamfikia.

Ndigana kali ni mfano wa njia yenye kusudi maalumu. Chanjo yake ni vimelea hai waliotolewa kwenye kupe na kugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika: huchomwa mililita 1 chini ya ngozi karibu na tezi iliyo chini ya sikio, na papo hapo ndama hupewa msulini oksitetrasaiklini ya kudumu, kwa kawaida miligramu 20 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito. Mahali hapo chini ya sikio hapakuchaguliwa kwa bahati. Kupe wa ndigana hupenda sikio, na tezi hiyo ndiyo ya kwanza kuonja ugonjwa wa asili. Kinga inayopatikana hapa haitegemei kingamwili. Inategemea seli zinazoua chembe nyeupe zilizotekwa na kimelea, na seli hizo hazifundishwi na kimelea kilichokufa. Lakini dawa hiyo ya kudumu inaua pia viini hai vya chanjo ya homa ya mapafu. Ndama aliyechanjwa ndigana Jumatatu na kupitishwa kwenye kibanio cha homa ya mapafu Alhamisi ametobolewa ngozi bure. Ziachane wiki tatu au nne. Hali ni hiyohiyo kwa yeyote anayepigiwa OTC (hiyo oksitetrasaiklini) au antibiotiki ya tailosini kwa ugonjwa mwingine siku zinazozunguka chanjo, na hili halimo kwenye matangazo ya vipaza sauti ninayoyasikia.

Turudi kwa wanaosema chanjo ni chanjo. Hoja yao bora ni ya uwanjani. Mtaalamu wa kata ana boma baada ya boma, jua linachoma, chanjo ikishachanganywa ina saa chache tu za uhai, na kibanio ni miti iliyofungwa kamba. Kumtaka abadilishe njia kwa kila umri ni kumwongezea mzigo, na ng'ombe 200 waliochanjwa kwa ukamilifu wa asilimia 90 ni bora kuliko 60 waliochanjwa bila dosari. Hilo nalikubali, kwa kuwa ugonjwa wa kuambukiza unasimamishwa na wingi. Hoja yao dhaifu ni ile inayotegemea vipimo: kwamba kingamwili zikipanda kwenye damu, njia yoyote imefaa, na zisipopanda, hakuna iliyofaa. Mifano iliyotangulia inaikataa waziwazi. S19 ya jichoni inalinda bila kingamwili za kudumu. Ndigana inalinda kwa seli. Kwa homa ya mapafu, kiwango cha kingamwili hakikuambii kwa uhakika nani atapona. Hata ndama aliyechomwa sindano ya virusi vya njia ya hewa akiwa bado na kinga ya mama anaweza asionyeshe kitu kwenye damu lakini akabaki na kumbukumbu kwenye seli, akajibu haraka dozi ya pili ikija. Kwa hiyo sindano ya mapema haipotei yote. Inapotea pale tu ambapo dozi ya pili haiji, na huku kwetu mara nyingi haiji.

Uko mlango mmoja ambao mjadala wote unausahau: kiwele cha mama. Ndama hufa kwa kuhara siku za mwanzo kabisa, kabla chanjo yake yoyote haijapata muda wa kufanya kazi. Dhidi ya rotavirusi, koronavirusi na E. koli, anayechanjwa ni ng'ombe mwenye mimba, kwa sindano, wiki za mwisho kabla ya kuzaa, ili dang'a ibebe kinga hiyo. Chanjo hiyo haina maana yoyote ndama asiponyonya mapema. Boma ambalo mchungaji anamfunga mama asubuhi ili akamue kwanza, na ndama anaachiwa mchana, limetupa chanjo iliyolipiwa.

Yanayotakiwa yafuate ni ya kawaida na ya bei ndogo. Daftari la chanjo liwe na safu tatu zaidi: umri wa mnyama kwa miezi, njia na mahali alipochomwa, na saa ambayo chupa ilichanganywa. Wanafunzi wa chuo cha mifugo cha LITA Mabuki, walioko hapo Misungwi, wapimwe kwa kutazamwa wakivuta hema la ngozi kwenye ndama anayerusharusha, si kwa karatasi pekee. Daraja la Kigongo-Busisi limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikiyeyusha barafu kwenye masanduku ya baridi ya Sengerema. Ukerewe bado inategemea maji, na huko chupa ichanganywe kibanioni, kamwe isichanganywe ufukweni. Kubwa zaidi ni kalenda. Kampeni ikipita Kwimba mwezi Juni, ndama aliyezaliwa Februari ana miezi 4 na anarukwa kwa haki. Agosti anatimiza 6. Kama timu inarudi Juni ya mwaka unaofuata, amelala miezi 10 mizima katikati ya kundi bila kinga, akinywa maji kwenye lambo moja na ng'ombe wa vijiji vitatu. Kila kata ina uwezo wa kuandika orodha ya ndama waliorukwa siku hiyohiyo, boma kwa boma, na kurudi nayo Desemba na chupa chache.